Matone Juu ya Kitanda

Nilipojua nina mimba ya pili nilihesabu miezi kwa vidole, nikarudia kuhesabu, na kila nilipofika mwisho niliangukia mwezi wa saba. Kwa watu wa kwingine mwezi wa saba ni mwezi tu. Kwetu Karatu ndio mwezi ambao ukungu unashuka kutoka msituni jioni na kukaa mpaka kesho yake karibu na mchana, watu wanakwenda sokoni wamejitanda mablanketi, na maziwa yanagoma kuganda hata uyaweke wapi. Kwangu mimi ulikuwa pia mwezi aliofia mtoto wangu wa kwanza.

Sitasema mengi juu yake. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi, na alikaa nasi wiki chache. Alikohoa, tukampeleka hospitali, wakasema nimonia, wakampa dawa, tukaona kama amepata nafuu. Asubuhi moja niliamka kabla yake. Nyumba ilikuwa kimya. Nikajisemea, leo amelala vizuri, ngoja nimwache, amenipumzisha. Nikawasha jiko nje, nikabandika uji, nikarudi chumbani, nikanyoosha mkono kumgusa shavu. Tangu siku hiyo mkono wangu mwenyewe unanitisha ikifika asubuhi.

Daktari hakusema ni baridi iliyomuua. Mimi ndiye niliyesema. Nilihitaji kumlaumu mtu, na mume wangu alikuwa analia kuliko mimi, basi nikailaumu nyumba, kwa sababu nyumba haijibu. Na kusema kweli ilistahili. Tulikuwa tumehamia ikiwa haijaisha, kama wafanyavyo wengi: tofali za kuchoma bila plasta, mabati juu, silingi hakuna, na kati ya ukuta na bati mwanya ambao paka wa jirani alipita bila kuinamisha kichwa. Upepo nao ulipita hapohapo.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Silingi alikuwa ameniahidi tangu tunahamia. Shida ni kwamba baridi ya huku inakuja pamoja na wageni wa Ulaya. Wao wanaita hai sizoni. Baridi ikianza yeye hayupo, yuko Serengeti au kreta. Akirudi kupumzika, baridi imekwisha, jua linawaka, naye anatazama juu, anasema, "Mbona nyumba iko poa tu, mama?" Ndiyo maana mwaka ule sikumsubiri. Niliamua kuiandaa nyumba mwenyewe.

Na nilijua namna. Mimi ni mtu wa Singida, nimekulia ndani ya tembe, nyumba ya miti na udongo ambayo hata paa lake ni udongo. Kule upepo wa kipupwe hauna adabu. Kila mwaka kabla haujaanza, wanawake tulichanganya udongo na samadi na majivu, tukakandika. Mama alikuwa na utaratibu wake: saa sita mchana anatutoa wote nje, anafunga mlango, anasimama katikati ya nyumba gizani na kutafuta mwanga. Popote alipoona mwanga, hata wa kupenya sindano, alipaita ufa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema, na kidole chake kimejaa udongo.

Basi nikafanya kama mama. Mchana mmoja nilifunga mlango na madirisha, nikasimama sebuleni na tumbo langu, nikatazama juu. Nilitamani kucheka na kulia. Nyumba nzima ilikuwa inang'aa kama kanisa. Mwanga uliingia juu ya kila ukuta, kwenye matundu ya hewa, kwenye fremu za milango, mahali ambapo fundi alikuwa ameacha tofali nusu akasema atarudi.

Kazi yangu ni cherehani. Nashona sare za shule sokoni, na mabaki ya vitambaa ninayo ya miaka. Nilishona mito mirefu ya duara, mirefu kama mtu mzima na minene kama paja, nikaishindilia vipande vya kaki na bluu na kijani mpaka ikawa migumu. Ilikuwa imelala sakafuni kama machatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliyeumwa na baridi nilikuwa natengeneza nyoka wa kuizuia.

Mama mkwe alinikuta juu ya ngazi. Alikuwa amekuja kutoka Mbulumbulu baada ya kuvuna maharage, na gunia lake, na ngozi ya kondoo aliyomtayarishia mjukuu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, ambaye sijawahi kumwona amevaa sweta. Alisimama mlangoni akinitazama nikisukuma mto kwenye mwanya chini ya bati, na mimba yangu imenitangulia.

"Shuka," alisema.

"Namalizia hapa tu, mama."

"Mwanangu, shuka. Utamzalia huyo mtoto kwenye ngazi?"

"Akizaliwa huku juu atanisaidia kuziba."

Hakucheka. Alishika ngazi kwa mikono miwili mpaka nikamaliza ukuta ule, kisha akaihamishia ukuta wa pili bila kuniuliza. Naye alikuwa na kumbukumbu zake za mwaka ule. Yeye ndiye aliyemwogesha yule wa kwanza kabla ya maziko.

Niliziba kila kitu. Matundu ya hewa niliyafunga kwa viroba vya salfeti nikavipigilia misumari. Kwenye madirisha nilining'iniza mablanketi, na chini ya milango nikalaza mito. Nyufa za ukuta nilizikandika udongo na samadi kama kwetu, na majirani wakatucheka kwamba nyumba ya tofali imevishwa koti la ng'ombe. Siku niliyofunga mlango tena saa sita mchana nikasimama katikati, sikuona hata mkono wangu. Niliketi hapohapo sakafuni nikalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nihesabu ile miezi kuhisi kwamba huenda huyu atakaa.

Alizaliwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, wa kiume tena, mwenye upara. Nilimshukuru Mungu kwa upara ule, sikutaka wafanane. Nilimleta nyumbani nimemfunga vitu vingi kiasi kwamba mama mkwe alipompokea alifunua tabaka baada ya tabaka akiuliza, "Yumo kweli humu?" Alipomfikia alimwita garma, yaani mvulana kwa Kiiraqw, na toka hapo hakumwita kwa jina lingine.

Nyumba ilikuwa na joto. Nawaambia ukweli, ilikuwa na joto! Ukungu ulikaa nje kama mgeni asiyekaribishwa, na sisi watatu ndani tulikuwa na mapaja yasiyotetemeka. Mama mkwe ndiye hakupenda. Alizoea kukaa mlangoni na kuwaona wapita njia. Kila nilipogeuka alikuwa amefungua mlango, na kila alipogeuka nilikuwa nimeufunga.

"Nyumba gani hii?" alinung'unika. "Mtu unafungiwa kama mahindi ya akiba."

"Mahindi ya akiba hayaozi, mama."

Nilikuja kulikumbuka neno hilo.

Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri. Tone moja lilianguka kwenye shavu la mtoto naye akapiga kelele. Nilisimama kitandani kabla sijafumbua macho vizuri. Nilipoangaza simu juu, bati lote lilikuwa limelowa. Matone yalikuwa yamejipanga kwenye mikunjo ya bati yakisubiri zamu. Nikajua tumekwisha, paa linavuja. Nikamkumbatia mtoto ndani ya kanga yangu nikawa namfuta kile kishavu mpaka kikawa chekundu.

Fundi alikuja mchana, yuleyule wa tofali nusu. Alipanda juu, akatembea kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, akagusa kila msumari. Aliposhuka alikuwa amekasirika.

"Bati halina tundu, mama."

"Maji yanatoka wapi, basi? Mbinguni?"

"Nakuambia halina tundu. Mimi nimeezeka mpaka lodji za watalii."

"Paka lami."

"Nipake lami wapi? Hakuna tundu!"

"Paka kila mahali."

Alipaka kila msumari, mmoja baada ya mwingine, akisonya. Kesho yake alfajiri matone yalikuwa mengi kuliko jana. Nilihamisha kitanda upande wa pili wa chumba, yakatufuata. Niliweka beseni sakafuni, nikaweka sufuria, na juu ya kitanda nikafunga kipande cha turubai kwa kamba kama hema. Sasa mtoto halowi, lakini kila alfajiri matone yaliangukia turubai, ta, ta, ta, naye alishtuka akalia. Nami niliamka nikilitukana paa. Mama mkwe alipendekeza tumwite katekista aje aibariki nyumba kwa maji ya baraka. Nilimwambia maji tunayo ya kutosha.

Nilimpigia mume wangu simu, alikuwa juu ukingoni mwa kreta na wageni wake. Nikamweleza.

"Ni ukungu huo," alisema kwa uhakika wa mtu aliye mbali. "Unapenya mahali. Ziba zaidi."

Nikaziba zaidi. Niliziba hata tundu la funguo kwa sabuni. Na paa likazidi kulia. Nguo za mtoto zikaanza kunuka uvundo ndani ya sanduku, ukutani karibu na kitanda pakaota weusi, na blanketi ulilolala nalo likaamka asubuhi zito kama limefuliwa. Kisha mtoto akakohoa.

Alikohoa mara moja tu, kikohozi kidogo kama cha paka. Mama mkwe alikuwa anapeta maharage. Ungo ulisimama hewani. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikasema kwa sauti, ingawa sikukusudia kusema kwa sauti, "Mungu, si tena. Si tena, nakuomba."

Tulimpeleka zahanati saa ileile. Nesi alimsikiliza mbele na nyuma, akasema kifua ni kisafi, tumwangalie, tumrudishe akizidi. Wakati wa kumvalisha alinusa fulana yake. "Nguo mbona zina unyevu, mama? Mnaishi mtoni?" Nilinuna njia nzima. Mimi, niliyeziba mpaka tundu la funguo, naulizwa kama naishi mtoni!

Jumamosi mume wangu alipata nafasi kati ya wageni na wageni, akaja na gari. Alitazama hema la turubai, beseni, lami, mavi ya ng'ombe ukutani, akanitazama mimi. Nadhani alikuwa na mzaha mdomoni akaumeza. Alisema tu, "Twende Mbulumbulu wakamwone mtoto." Sikutaka. Nyumba ya mama mkwe ni ya zamani, kuta za udongo, na mbao za milango yake zimeachana. Ukikaa ndani unawaona kuku walio nje. Lakini ndugu walikuwa wanasubiri, na jioni ukungu ukawa mzito hata dereva wa kreta akakataa kuendesha. Tukalala huko. Nilimweka mtoto juu ya kifua changu nikahesabu nyufa zote zilizotutazama. Asubuhi aliamka mkavu, ananuka maziwa na moshi, na hakukohoa.

Tulirudi kwetu mchana, sote wanne. Ukungu ulikuwa umelala hapo usiku kucha. Majani ya migomba yalikuwa bado yanadondosha. Nikaingia chumbani moja kwa moja nikiwa tayari kumwaga beseni.

Beseni lilikuwa kavu.

Niligusa turubai. Kavu. Nikapanda kitandani nikagusa bati kwa kiganja. Lilikuwa baridi kama jiwe, na kavu. Nilibaki nimesimama hapo na mkono juu. Ukungu ulikuwepo. Paa lilikuwepo. Misumari ya fundi, na lami yake, vyote vilikuwepo. Kilichokosekana usiku ule ndani ya nyumba ni kitu kimoja: sisi.

Nilishuka nikachukua mkasi wangu wa kazi uliokuwa mezani, chuma kimepoa, nikaupulizia kwa mdomo wazi. Ukalowa. Nikaufuta kwa kanga, nikapulizia tena. Ukalowa tena. Mume wangu alisimama mlangoni na mtoto, anashangaa mke wake anayehema kwenye mkasi.

"Ni pumzi zetu," nilimwambia.

"Nini?"

"Haya maji. Halivuji paa. Ni sisi tunaopumua humu ndani, na pumzi haina pa kutokea."

Tembe la mama lilikuwa udongo mtupu, na udongo unakunywa. Lilizibwa lakini lilikuwa linakunywa pumzi zetu usiku, na mchana jua linalikausha. Bati halinywi kitu. Bati linapokea, linapoa, linarudisha. Nilikuwa nimeivalisha nyumba ya Karatu nguo za Singida.

Kujua ni rahisi. Kupanda tena ile ngazi ndiyo ilikuwa kazi. Mume wangu alitaka kupanda yeye, nikakataa. Nilishika mto wa kwanza, ule ulio juu ya kitanda, na vidole vyangu vikagoma. Nyuma ya mto ule kulikuwa na mwezi wa saba wenyewe. Nikiuvuta, baridi itaingia palepale ilipoingia. Nisipouvuta, tutaendelea kulala ndani ya maji. Nilisimama hapo muda mrefu nikimchukia kila mtu: mume kwa silingi yake, fundi kwa tofali lake, mama yangu kwa methali yake. Chini, mama mkwe alishika ngazi kwa mikono miwili kama siku ile.

Nikauvuta. Ulitoka mzito, unachuruzika, vitambaa vya sare vimeota ukungu wa kijani. Nilitoa mito ya upande usiopigwa na upepo, yote, nikaitupa chini ikaanguka kwa kishindo cha nguo mbichi. Matundu ya hewa ya upande huo niliyafungua, nikashonea vyandarua. Upande wa upepo nikauacha umezibwa. Mwanga uliingia chumbani kama ulikuwa umesubiri nje kwa hasira. Mama mkwe alikwenda akafungua mlango, akavuta kigoda chake, akaketi, akasalimia mtu aliyekuwa anapita.

Mume wangu aliondoka kwenda kwa wageni wake kabla ya jua kuzama. Turubai nililiacha limefungwa juu ya kitanda, kwa tahadhari.

Na sasa ndilo jambo ninalotaka kulisema, ambalo sikumwambia mtu. Alfajiri iliyofuata niliamka mwenyewe. Hakuna tone. Hakuna ta, ta, ta. Hewa ilikuwa baridi puani, nyepesi. Mtoto alikuwa hapo pembeni yangu, upande wa ukuta, amefungwa kwenye ngozi ya kondoo, na hakulia.

Usiku akiamka kunyonya simwogopi. Anayelia yu hai. Asubuhi ndiyo shida. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba wiki zote zile, nikilitukana lile paa, lilikuwa linanifanyia kazi. Kila alfajiri matone yalimwamsha kabla yangu. Alilia, nikajua. Sikuwa nimelazimika hata mara moja kuamka kwenye kimya na kunyoosha mkono. Sasa paa lilikuwa kavu kama nilivyotaka, na nyumba ilikuwa kimya kama asubuhi ile nyingine, na mimi nilikuwa nimelala chali na mkono wangu juu ya tumbo langu, hausogei.

Nje nilisikia mama mkwe anavunja kuni, anapulizia moto, anabandika sufuria. Mambo yaleyale, kwa mpangilio uleule. Nilimwomba mtoto akohoe. Fikiria, mimi nilimwomba akohoe.

Hakukohoa. Nikafumba macho, nikaupeleka mkono.

Shavu lilikuwa la moto. Alikunja uso kama mzee aliyesumbuliwa, akatafuna midomo yake, akaendelea na usingizi. Kifua kilipanda kidogo chini ya ngozi ya kondoo, kikashuka, kikapanda.

Mama mkwe alikuja na bakuli la uji, akasimama nje ya pazia. Hakuingia. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

"Mbona kimya, mwanangu?"

"Amelala, mama," nilisema. "Amelala vizuri."

Akaliweka bakuli kwenye stuli, akaondoka. Uji ulipoa pale ukafanya ngozi juu, nami bado sijautoa mkono.